Upungufu wa damu kwa mgonjwa mahututi: namba, muda na nafasi ya kupona

Kifaa kidogo kinachobanwa kwenye kidole ili kupima oksijeni kinaweza kuonyesha asilimia 98, namba inayomtuliza muuguzi yeyote wa zamu, wakati mgonjwa aliyefungwa kifaa hicho anakaribia kufa kwa kukosa oksijeni. Kifaa hakina hitilafu. Kinapima ni sehemu gani ya hemoglobini, yaani protini ya chembe nyekundu za damu inayobeba oksijeni, iliyojaa oksijeni, wala hakielezi lolote kuhusu wingi wa hemoglobini yenyewe. Mtu mzima mwenye hemoglobini ya gramu 15 kwa desilita hubeba takriban mililita 20 za oksijeni katika kila desilita ya damu yake. Ikishuka hadi gramu 5 hubeba chini ya mililita 7, hata kama hemoglobini yote iliyobaki imejaa oksijeni. Ishara nyingine inayotegemewa sana, yaani midomo na ulimi kugeuka rangi ya samawati, nayo humpita mgonjwa wa aina hii, kwa sababu rangi hiyo hutokana na hemoglobini nyingi isiyo na oksijeni, na hemoglobini ndiyo aliyopungukiwa. Kinachobaki ni viganja vyeupe, mapigo ya moyo ya kasi, pumzi za haraka na uchovu mkubwa, dalili ambazo katika wodi yenye wagonjwa 40 na wauguzi 2 hupita bila kuonwa.

Upungufu wa damu ni miongoni mwa mambo yanayopatikana mara nyingi zaidi kwa wagonjwa mahututi katika hospitali za Afrika, na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kadiri hemoglobini inavyokuwa chini wakati wa kulazwa, ndivyo vifo vinavyoongezeka. Mtu akisoma matokeo hayo haraka ataona tiba iko wazi: mwongezee mgonjwa damu, namba ipande, apone. Mambo hayaendi hivyo. Zipo hali ambazo damu huokoa maisha ndani ya saa chache, zipo ambazo haibadilishi chochote, na zipo ambazo damu nyingi kupita kiasi hudhuru. Kuzitenganisha hali hizo ndiko kunakohitaji ufafanuzi, hasa mahali ambapo chupa ya damu hupatikana baada ya nusu siku au haipatikani kabisa.

Kwanza ijulikane wagonjwa mahututi wanalazwa wapi. Wengi wetu tukisikia habari zao tunafikiria chumba chenye mashine za kupumulia na muuguzi mmoja kwa kila kitanda. Utafiti mkubwa uliofanyika katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025, uliwahesabu karibu wagonjwa 20,000 waliokuwa wamelazwa na kukuta kwamba takriban 1 kati ya 8 alikuwa mahututi. Wengi wao, kama 7 kati ya 10, walikuwa katika wodi za kawaida, na zaidi ya nusu hawakuwa wakipata hata huduma za msingi kama oksijeni kwa aliyehitaji oksijeni. Ndani ya siku 7, mmoja kati ya kila watano alikuwa amefariki. Kwa hiyo tunapouliza kama upungufu wa damu unaua, tunauliza kuhusu watu waliolala katika wodi hizo, kwa huduma iliyopo humo.

Mwili unavyojikimu, na unavyoshindwa

Mtu mzima aliyetulia hutumia takriban mililita 250 za oksijeni kila dakika, ilhali moyo na damu yake hupeleka karibu mililita 1,000. Akiba hiyo ni kubwa. Damu inapopungua polepole, mwili huila akiba hiyo kwa utaratibu: moyo hupiga kwa kasi na nguvu zaidi, viungo huvuna sehemu kubwa zaidi ya oksijeni inayopita, na hemoglobini yenyewe hubadilika kikemia ikaiachia oksijeni kwa wepesi zaidi. Ndiyo maana mtoto aliyenyonywa damu na minyoo ya safura kwa miezi mingi anaweza kuletwa kliniki akitembea kwa miguu yake, na kipimo kikasoma gramu 5. Mzazi aliyekuwa na gramu 11 asubuhi na kupoteza damu nyingi ndani ya saa moja baada ya kujifungua anaweza kuzimia ingali maabara inasoma gramu 8, kwa kuwa damu iliyobaki ndani ya mishipa bado haijachanganyika na maji ya mwili na kipimo hakijaifikia hasara halisi.

Ugonjwa mkali huvunja njia hizi za kujikimu moja baada ya nyingine. Homa huongeza matumizi ya oksijeni. Nimonia hupunguza oksijeni inayoingia kwenye damu. Maambukizi yaliyosambaa mwilini hudhoofisha moyo, ukashindwa kuongeza kasi yenye manufaa, na huvuruga mishipa midogo inayogawa damu kwenye viungo. Hapo gramu 6 ambazo mtu mwenye afya angezivumilia huwa hazitoshi, na seli huanza kuzalisha nishati bila oksijeni na kumwaga asidi kwenye damu. Mwili hujaribu kuitoa asidi hiyo kwa kupumua kwa kina. Mtoto mwenye malaria kali na damu pungufu huonekana akivuta pumzi ndefu za nguvu, na mara nyingi hudhaniwa ana nimonia au moyo umeshindwa kazi. Akipewa dawa ya kupunguza maji mwilini na damu ikacheleweshwa kwa kuogopa kuuelemea moyo, kinachomfaa ndicho anachonyimwa. Kwangu mimi hili ni miongoni mwa makosa yenye gharama kubwa katika wodi za watoto, kwa sababu linatendwa na watu waangalifu wenye nia njema.

Vyanzo ni vingi kwa mgonjwa mmoja

Katika nchi tajiri, sehemu ya upungufu wa damu wa mgonjwa mahututi husababishwa na hospitali yenyewe: sampuli za maabara zinazochukuliwa mara kadhaa kwa siku huweza kufikia makumi ya mililita kila siku, na maji ya dripu huipunguza nguvu damu iliyobaki. Huku kwetu wagonjwa wengi hufika tayari wamepungukiwa, na sababu huja pamoja. Malaria hupasua chembechembe nyekundu zilizoambukizwa na pia zisizoambukizwa, kisha huuzuia uboho kutengeneza nyingine. Selimundu hufupisha uhai wa chembe hizo kutoka siku 120 za kawaida hadi siku 20 hivi au chini yake. Virusi vya Ukimwi, kifua kikuu na ugonjwa sugu wa figo huudhoofisha uboho kwa njia tofauti. Kichocho na safura huvujisha damu kidogo kidogo kwa miaka. Juu ya hayo yote kuna mwitikio wa kinga ya mwili unaoletwa na maambukizi yoyote makali: ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, nayo hufunga milango ambayo madini ya chuma hupitia kutoka kwenye utumbo na kwenye ghala za mwili. Chuma kinakuwapo lakini hakitumiki, na vidonge anavyomezeshwa mgonjwa wakati huo havifiki vinakotakiwa.

Utafiti uliofanyika Malawi na kuchapishwa mwaka 2008 ulitikisa mazoea mengi katika jambo hili. Watafiti waliwachunguza watoto wadogo waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu wakiwalinganisha na watoto wengine, na wakakuta upungufu huo umefungamana na bakteria ndani ya damu, malaria, safura, virusi vya Ukimwi, na ukosefu wa vitamini A na vitamini B12. Ukosefu wa madini ya chuma, ambao ndio sababu ya kwanza katika vitini vingi vya mafunzo, haukuonekana kuwa na uhusiano huo. Maana yake kwa daktari ni nzito. Mtoto aliyeongezewa damu na kupewa dawa ya malaria na vidonge vya chuma, kumbe ana bakteria wa Salmonella ndani ya damu, atarudi nyumbani na namba nzuri na atarudishwa hospitali baada ya siku chache, akirudishwa.

Je, upungufu wa damu unaua au unafuatana na kinachoua?

Katika kundi kubwa la wagonjwa wa selimundu waliofuatiliwa kwa miaka katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, hemoglobini iliyo chini ya gramu 5 ilikuwa miongoni mwa viashiria vya kifo. Katika utafiti wa wajawazito wenye upungufu wa damu uliowahusisha zaidi ya wanawake 10,000 wa Tanzania, Zambia, Nigeria na Pakistan, uwezekano wa kufa au kuponea chupuchupu kwa waliokuwa na upungufu mkubwa ulikuwa takriban mara 7 ya ule wa wenye upungufu wa wastani. Namba kama hizi ni za kweli na zinatisha. Hata hivyo hazijibu swali letu, kwa sababu mtu mwenye hemoglobini ya gramu 4 ana tofauti nyingine na mwenye gramu 9: huenda ameugua kwa muda mrefu zaidi, anatoka mbali zaidi, amekula vibaya zaidi, ana kifua kikuu ambacho hakijagunduliwa, au alipitia kwanza vituo 2 visivyo na maabara. Yoyote kati ya hayo yanaweza kumuua yakiwa na upungufu wa damu au bila ya upungufu huo. Wataalamu wa takwimu hujaribu kuyatenga kwa hesabu, lakini hesabu hutenga yale tu yaliyopimwa, na katika hospitali zetu mengi hayapimwi.

Liko tatizo jingine lililojificha zaidi, ambalo nalisisitiza kwa kuwa huwapotosha hata wasomaji makini. Chukua kumbukumbu za hospitali na uwalinganishe walioongezewa damu na wasioongezewa. Mgonjwa aliyefika saa 2 usiku na kufariki saa 5, kabla damu haijapatikana, ataandikwa upande wa wasioongezewa. Yule aliyestahimili hadi asubuhi damu ikafika ataandikwa upande wa walioongezewa. Ulinganisho huo utaisifu damu hata kama ilikuwa haina msaada, kwa sababu kuipata kwenyewe kulihitaji kwanza kubaki hai. Kosa la pili huelekea upande wa pili: pale damu ilipo, hupewa kwanza walio hoi zaidi, ambao wengi wao watakufa kwa ugonjwa uliowaleta, na damu itaonekana kuwa ndiyo iliyodhuru. Makosa hayo mawili yanaweza kukutana katika daftari moja la wodi, na hakuna hesabu rahisi inayoyaondoa.

Njia ya uhakika zaidi ni jaribio ambalo wagonjwa hugawanywa kwa kura. Mwaka 1999 watafiti wa Kanada walichapisha jaribio la wagonjwa mahututi 838: kundi moja liliongezewa damu pale tu hemoglobini iliposhuka chini ya gramu 7, jingine iliposhuka chini ya gramu 10. Waliopewa damu kwa ukarimu hawakupona zaidi. Ndani ya siku 30 walifariki asilimia 23.3 kati yao, dhidi ya asilimia 18.7 ya waliowekewa mpaka wa chini, ingawa tofauti hiyo ingeweza kuwa imetokea kwa bahati. Mwaka 2014 jaribio la nchi za Skandinavia kwa wagonjwa ambao shinikizo lao la damu lilikuwa limeshuka kwa sababu ya maambukizi makali lilifikia jibu la aina hiyohiyo kati ya gramu 7 na gramu 9. Tangu hapo gramu 7 imekuwa mpaka unaotajwa duniani kote, na hospitali nyingi za Afrika zimeuandika kwenye miongozo yao.

Majaribio hayo yalifanyika mahali ambapo hemoglobini inapimwa wakati wowote, ambapo damu iliyolinganishwa hufika kitandani ndani ya dakika, na ambapo mgonjwa anayezidiwa huonekana papo hapo. Yalithibitisha kwamba kusubiri ni salama kwa mgonjwa anayeangaliwa. Hayakumhusu mgonjwa mwenye gramu 7.2 saa 10 jioni ambaye kipimo kinachofuata ni kesho mchana, na ambaye damu yake ikihitajika itafuatwa kwa gari kilomita 80. Naamini mpaka wa gramu 7 ni sahihi kitabibu, lakini ukichukuliwa bila masharti yaliyoufanya uwe salama hubaki nusu ya ushahidi tu.

Majaribio yaliyofanyika kwetu

Jibu lililo karibu zaidi na wodi zetu limetoka Uganda na Malawi, katika jaribio lijulikanalo kama TRACT, lililochapishwa mwaka 2019 na lililowahusu watoto 3,196 wenye umri wa kuanzia miezi 2 hadi miaka 12. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mtoto mwenye hemoglobini ya gramu 4 hadi 6 ambaye hana dalili za hatari, kama kupumua kwa shida au kupoteza fahamu, asiongezewe damu. Wengi walidhani mwongozo huo umetungwa kwa kubana damu iliyo adimu na kwamba unagharimu maisha. Watafiti waliwagawanya kwa kura watoto 1,565 wa kundi hilo: nusu waliongezewa damu mara moja, nusu waliachwa wakifuatiliwa na kupimwa tena kila baada ya saa chache. Baada ya siku 28 walikuwa wamefariki asilimia 0.9 ya waliopewa mara moja na asilimia 1.7 ya wale waliosubiri, tofauti ambayo kitakwimu haikuweza kuthibitishwa. Mwongozo ulisimama.

Kuna namba ya tatu katika jaribio hilo ambayo haipewi uzito unaostahili. Kati ya watoto waliowekwa kwenye kundi la kusubiri, asilimia 49 hatimaye waliongezewa damu, wengi wao takriban siku moja baada ya kuingia, kwa sababu hemoglobini ilishuka chini ya gramu 4 au dalili za hatari zilijitokeza. Kusubiri kuliwafaa kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kuona mabadiliko hayo, kipimo cha kuyathibitisha, na damu iliyokuwa tayari. Ukiviondoa vitu hivyo vitatu, karibu nusu ya watoto waliosubiri wangeachwa na upungufu unaozidi kushuka bila yeyote kujua.

Sehemu ya pili ya jaribio iliuliza kiasi. Watoto walipewa mililita 20 au mililita 30 za damu kamili kwa kila kilo ya uzito. Kwa jumla hapakuwa na tofauti ya vifo iliyothibitika, lakini watoto walipotenganishwa kwa joto la mwili wakati wa kuanza, picha ilibadilika: wasio na homa walinufaika na kiasi kikubwa, na wenye homa walifanya vizuri zaidi kwa kiasi kidogo. Kipimajoto, ambacho ni miongoni mwa vifaa vya bei nafuu zaidi hospitalini, kiligeuka kuwa chombo cha kuamulia damu.

Haiwezekani kuieleza habari hii bila kuitaja FEAST, jaribio la mwaka 2011 lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto 3,141 walioletwa na homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Takriban theluthi moja yao walikuwa na hemoglobini iliyo chini ya gramu 5. Wale waliomiminiwa maji ya mishipa kwa haraka, jambo lililokuwa likifundishwa duniani kote, walifariki zaidi: ndani ya saa 48, asilimia 10.6 na 10.5 katika makundi mawili ya maji, dhidi ya asilimia 7.3 kwa wasiomiminiwa. Madhara yalionekana kwa wenye upungufu wa damu na kwa wasio nao. Miaka 6 baadaye jaribio la watu wazima huko Lusaka lilitoa sauti hiyohiyo: wagonjwa 209 wenye maambukizi makali na shinikizo la chini, wengi wao wakiwa na virusi vya Ukimwi, waligawanywa, na waliopewa mpango wa haraka wa maji mengi, dawa za kupandisha shinikizo na damu walifariki asilimia 48.1 dhidi ya asilimia 33.0 ya waliohudumiwa kwa kawaida. Mpango uliotokana na huduma za nchi tajiri ulimdhuru mgonjwa wa Lusaka, na nadhani sababu ni kwamba kila sehemu ya mpango ule iliegemea vifaa na uangalizi ambavyo wodi haikuwa navyo.

Saa kati ya uamuzi na damu

Nyuma mwaka 1992, utafiti wa magharibi mwa Kenya ulikuwa umeonyesha kwamba manufaa ya kuongezewa damu kwa watoto yalionekana kwa wale wenye hemoglobini ya chini sana, au walio na shida ya kupumua pamoja na hemoglobini iliyo chini ya gramu 5, na kwamba damu iliyotolewa baada ya siku 2 za mwanzo haikuwa na msaada huo. Muda, kwa maneno mengine, ni sehemu ya kipimo cha dawa.

Fikiria hatua zinazohitajika usiku. Muuguzi anaona viganja vyeupe. Daktari wa zamu anaitwa kutoka wodi nyingine. Sampuli inapelekwa maabara, ambako mtaalamu mmoja anashughulikia hospitali nzima. Kundi la damu linapimwa, na damu ya mchangiaji inalinganishwa na ya mgonjwa. Jokofu la kati ya nyuzi 2 na 6 liwe limepata umeme siku zote zilizopita. Chupa ya kundi linalofaa iwepo, iwe imepimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Kukosekana kwa chupa hiyo ndiko kunakowarudisha ndugu wa mgonjwa kwenye korido kutafuta wa kuchangia, na damu yao nayo haiwezi kutumika kabla haijapimwa.

Shirika la Afya Duniani hutumia kigezo kwamba nchi ikikusanya chupa zinazofikia asilimia 1 ya idadi ya watu wake, imekidhi hitaji la chini kabisa. Kwa Tanzania yenye watu milioni 61.7 kwa sensa ya mwaka 2022, hilo ni zaidi ya chupa 600,000 kwa mwaka. Mpango wa Taifa wa Damu Salama una vituo vya kanda, na kwa miaka mingi wachangiaji wakubwa wamekuwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Shule zikifungwa, jokofu hupungua, na likizo hazichagui msimu wa malaria. Kenya ilipitia shida ya namna yake pale ufadhili wa Marekani uliokuwa ukiendesha sehemu kubwa ya ukusanyaji ulipokoma mwaka 2019. Mwanamume mwenye afya anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4, kwa hiyo hazina ya watu haijakosekana. Kinachokosekana ni bajeti ya ndani ya kuwafuata, mifuko ya damu, vitendanishi na mafuta ya gari.

Wakati damu inasubiriwa, yapo ya kufanya. Oksijeni, hata kwa mgonjwa ambaye kidole kinasoma asilimia 98, ina maana kwa mwenye hemoglobini ya chini kabisa: oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji ya damu, ambayo kwa mtu mwenye afya ni kiasi cha kupuuzwa, huwa sehemu inayohesabika ya kidogo alichonacho. Kushusha homa hupunguza matumizi. Dripu za haraka ziachwe, isipokuwa kwa aliyeharisha sana au anayevuja damu. Kwa mzazi anayevuja damu baada ya kujifungua, dawa ya tranexamic acid ndani ya saa 3 hupunguza vifo vitokanavyo na kuvuja, kama lilivyoonyesha jaribio la wanawake 20,060 mwaka 2017. Na kupima damu inayopotea kwa mfuko maalumu kisha kutoa tiba zote kwa pamoja, utaratibu uliojaribiwa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kulipunguza uvujaji mkubwa kwa asilimia 60. Damu ambayo haikumwagika haihitaji kutafutwa usiku.

Malaria kali itibiwe kwa sindano ya artesuneti, iliyopunguza vifo vya watoto wa Afrika kutoka asilimia 10.9 kwa waliotibiwa kwa kwinini hadi asilimia 8.5 katika jaribio la mwaka 2010. Pamoja na ubora wake, dawa hii ina jambo la kuangaliwa: baadhi ya wagonjwa hupasukwa na chembe nyekundu kwa kuchelewa, wiki 1 hadi 3 baada ya tiba, wakati tayari wako nyumbani na familia imeshashukuru.

Na hapo ndipo hesabu nyingi za kupona zinapokatika mapema mno. Mgonjwa anayeruhusiwa huandikwa amepona, ilhali kwa watoto waliolazwa kwa upungufu mkubwa wa damu, miezi inayofuata huwa na vifo vingi, pengine kuliko vilivyotokea wodini. Uboho bado unajijenga, chuma bado kimefungwa, na mbu wa kijiji ni walewale. Jaribio la Kenya na Uganda lililochapishwa mwaka 2020 liliwapa watoto 1,049 waliotoka hospitali dawa ya kuzuia malaria kwa miezi 3 au dawa isiyo na kitu. Katika kipindi ambacho dawa ilikuwa ikifanya kazi, kufa au kulazwa tena kulipungua kwa asilimia 70. Dawa ilipoisha, faida nayo iliisha. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliupendekeza utaratibu huu kwa maeneo yenye malaria ya wastani hadi ya juu. Unahitaji vidonge, kadi ya ruhusa yenye tarehe 3 za kuvitumia na tarehe moja ya kurudi kupimwa hemoglobini, na mtu wa kumweleza mama kabla hajaondoka kwamba wekundu uliorudi viganjani mwa mtoto ni wa damu ya mtu mwingine, na kwamba ya kwake bado inahitaji wiki kadhaa kutengenezwa.